Tunawaomba pesa, hatuwaombi shauri

Ukimuuliza mtu wa kanda ya kati ya Tanzania, Mgogo, Mrangi au Mnyaturu, aliyekaa Ulaya au Marekani miaka mingi amekumbuka nini kwao, ataanza na chakula. Atataja mlenda uliotiwa karanga, ugali wa uwele, kuku wa kienyeji wa Singida, zabibu za Dodoma zinazouzwa kando ya barabara wakati wa msimu. Mwache ataje, ana haki. Lakini tusiishie hapo, kwa sababu chakula ndicho kitu chepesi kukisema. Mlenda mkavu hutwangwa, ukafungwa vizuri, ukapewa msafiri, na baada ya siku chache unachemka kwenye sufuria Minneapolis au Reading. Maduka ya Waafrika huko yana unga, yana bamia, yana dagaa. Watu wanakula vya kwao na bado hawalali.

Ninaishi Dodoma, na kama familia nyingi za hapa, ya kwetu nayo imetawanyika. Wapo walioondoka kwa masomo wakabakia, wapo waliofuata ndoa, wapo waliofuata kazi. Nimewasikiliza miaka mingi wakieleza hamu yao, na nimefika mahali nina msimamo. Kinachomtafuna aliye mbali ni kukosa zamu katika mambo ya kwao. Bado ni mtoto wa fulani, mjomba wa fulani, jirani wa fulani, ila kazi zinazokwenda na majina hayo zinafanywa na watu wengine, na mara nyingi hata haambiwi kwamba zimefanywa. Katika hili sisi tuliobaki nyumbani tunahusika kuliko tunavyopenda kukubali.

Chukua suala la mahari. Kwa Wagogo mjomba, yaani kaka wa mama, ana fungu lake katika ng'ombe wa mahari ya mpwa wake wa kike. Ng'ombe hao hawapimwi kwa bei ya mnadani peke yake. Wakishapokelewa, kila aliyekaa pale anajua kwamba binti huyu ana kwao upande wa mama, na kwamba yupo mtu mzima atakayeitwa siku ndoa ikiyumba. Ndugu mmoja wa upande wa Mpwapwa anaishi Ujerumani, na binti wa dada yake aliposwa. Washenga walikuja siku ya Jumamosi. Viti vya plastiki viliazimwa kwa jirani, wazee wakakaa kwenye kivuli cha mwarobaini, ng'ombe wakatajwa, wengine wakageuzwa fedha kama desturi ya siku hizi. Lilipofika fungu la mjomba, mdogo wake alisimama akalipokea. Hakuna aliyegomba, shughuli ilikwenda kwa heshima zote.

Mjomba mwenyewe alijua katikati ya wiki. Aliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, na kitu cha kwanza alichokutana nacho ni orodha ya ahadi za michango. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu, na mbele yake palikuwa pameshaandikwa kiasi ambacho yeye hakukitamka. Alilipa siku ileile. Aliponisimulia ilikuwa imepita miezi, na hakulalamikia kile kiasi wala wale ng'ombe. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama kuna mtu yeyote pale chini ya mwarobaini aliyeuliza, "Mjomba mtu anasemaje?" Hakuna aliyeuliza. Tangu hapo, anasema, hamu yake ya nyumbani ilibadilika, ikachanganyika na aibu ambayo hajui aipeleke wapi.

Najua majibu yetu, maana nimeyasikia vikaoni. Asiyekuwepo na lake halipo. Tusimsumbue, huenda yuko kazini. Saa haziendani, kwetu ni jioni na Texas bado ni asubuhi. Mtandao unakatakata. Yote yana ukweli ndani yake, na mengine yanatoka kwenye huruma kabisa. Ila tazama tunavyofanya mbele ya ada ya shule, bati za nyumba ya bibi, dawa, mbolea, mchango wa msiba. Hapo hatuogopi saa wala kazi yake. Ujumbe unatumwa ukimkuta usingizini, na asubuhi akiwa kimya tunauliza kulikoni. Mahitaji hayo ni ya kweli, na wengi wao wanatuma kwa moyo mweupe. Shida inaanza pale mtu anapopitia ujumbe wa miezi sita kwenye simu yake asione hata mmoja uliomuuliza anaonaje. Akikaa hivyo muda mrefu, ataanza kujiuliza kama angekosa pesa angekuwa bado na ndugu. Sijui kama kuna swali baya zaidi la kulala nalo katika nchi ya watu.

Waganga wa Ulaya walishawahi kuihesabu hamu ya kwao kuwa ugonjwa kamili. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari wa Basel, Uswisi, aliandika tasnifu kuhusu watu wanaodhoofu, wanaokosa usingizi na hamu ya kula kwa sababu ya kuwa mbali na kwao. Baadaye ugonjwa huo ulihusishwa sana na askari wa Uswisi waliokwenda kupigana kwa malipo katika majeshi ya wafalme wa nchi nyingine. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliandika maelfu ya askari kwenye vitabu vyao kama wagonjwa wa hamu ya nyumbani, na wengine waliandikwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo.

Katika maelezo ya Hofer, mgonjwa mmoja amenivuta kuliko wengine. Ni kijana wa mji wa Bern aliyekwenda kusoma Basel, hukohuko Uswisi. Alidhoofu hadi watu wakamkatia tamaa. Ikaamuliwa arudishwe kwao, na akaanza kupata nafuu njiani, kabla hajafika. Hewa ya Bern hakuwa ameivuta. Chakula cha mama yake hakuwa amekionja. Alichokuwa nacho ni habari kwamba anarudi na kwamba anangojwa. Waliokuja baadaye walibishana sana juu ya hewa ya milimani na shinikizo lake katika damu, na kwa maoni yangu walipita pembeni ya jambo lenyewe. Mtu anayejua anangojwa anaweza kuvumilia umbali mkubwa mno.

Miaka karibu 300 baadaye, Mmarekani Pauline Boss, ambaye baba yake alihamia Marekani kutoka Uswisi hiyohiyo na kuishi akiikumbuka, alianza kuchunguza familia za askari waliopotea katika vita vya Vietnam. Hawa hawakuwa wamefiwa, wala hawakuwa na mtu. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna siku ya kuanua matanga. Boss aliona kwamba hasara ya namna hii haimalizi kuuma kwa sababu haina pa kumalizikia, na baadaye akaonyesha kwamba familia za wahamiaji wanaishi nayo pia, pande zote mbili. Mama aliyeko Kondoa ana mtoto mzima Houston. Mtoto hajafa, anamwona kwenye simu, anamwona ananenepa na kuota mvi. Lakini godoro lake lilishagawiwa, na kwenye Idd sahani yake haipo. Mama huyo anaambiwa ashukuru, kwani mtoto yuko pazuri. Anashukuru. Hakuna anayempa nafasi ya kulia, maana hakuna msiba.

Kwa aliyetoka Dodoma kuna jambo jingine linaloongeza uzito, nalo ni kwamba mji wenyewe haukumsubiri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 ukawa unakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA tuliyogombana nayo juu ya viwanja, ikavunjwa. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Wizara ziko Mtumba. Stendi ya mabasi iko Nanenane. Tangu 2024 treni ya umeme inafika kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne.

Aliyeondoka mwaka 2008 ana Dodoma nyingine kichwani. Anakumbuka Ihumwa ya mashamba, Ntyuka ya vichaka, barabara ambayo ukikutana na gari mbili mchana unauliza kuna nini. Akitumiwa picha anauliza, "Hapo ni wapi?", na ni nyumbani kwao, mita chache kutoka alipokuwa akichunga mbuzi. Sisi nasi tumeyapitia mabadiliko hayo, na wengi wetu yametuuma. Wapo ambao mashamba yao yalipimwa viwanja na fidia ikawa ya kugombania. Lakini tulikuwapo. Tuligomba kwenye mikutano ya mtaa, tuliandika barua, tulipanda hadi kwa mkuu wa wilaya, tukashinda mengine tukashindwa mengine. Kushindwa jambo ulilolipigania kunauma kwa namna yake na baada ya muda kunapoa. Kuoneshwa picha ya jambo lililokwisha hakupoi upesi, maana hukupata hata nafasi ya kubisha.

Wazee wa hapa wanalijua hili bila kupanda ndege. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 watu walihamishwa kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Wengine walisogezwa mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Wapo ambao hadi leo, mkipita nao njiani, watasimama wakuonyeshe mahame yao kwa kidole: hapa palikuwa na zizi, pale alizikwa babu. Umbali haukuwa mkubwa hata kidogo. Waliamuliwa, hawakuamua, na hilo ndilo lililobaki moyoni.

Ushahidi mwingine tunao mtaani kwetu, na unanishawishi kuliko vitabu. Kuanzia 2016 watumishi wa umma walihamia Dodoma kwa maelfu, wengi wao wakitokea Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo malalamiko yao yalikuwa yaleyale ya mtu aliye ughaibuni: vumbi, upepo, maji ya chumvi, hakuna bahari, hakuna pweza wa jioni, watu wanalala mapema. Leo wamegawanyika makundi mawili. Wapo ambao kila Ijumaa wanawahi treni, wanarudi Jumatatu na macho mekundu, na baada ya miaka saba bado wanaongea kama wameletwa jana. Na wapo waliotulia. Nimewatazama hawa waliotulia, na sioni kwamba wana nyumba nzuri zaidi au vyeo vikubwa zaidi. Mmoja ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana huko Ilazo. Mwingine ni mzee wa kanisa Nzuguni. Mama mmoja wa Tanga amekuwa mpishi mkuu wa shughuli zote za mtaa wake Kisasa, na bila yeye pilau haliivi. Walipewa kazi ambayo wasipokuwepo itaonekana kwamba hawapo. Hamu ya Dar haijawatoka, ila haiwali tena.

Sasa geuza. Kama mgeni anaweza kupata kwao kwa kupewa zamu, mwenyeji naye anaweza kupoteza kwao kwa kunyang'anywa zamu, hata kama tunamtumia mlenda kila mwaka.

Nchi ya kati haijawahi kuwa nchi ya watu wasioondoka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ikikosea hakuna msimu wa pili wa kukuokoa. Wazee walikuwa wakienda kuhemea, yaani kutafuta chakula, kwa majirani na kwa mbali, wakiacha familia. Njaa kuu iliyopewa jina la Mtunya, mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia, ilitawanya watu wa Ugogo vibaya sana baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Lakini aliyekwenda kuhemea aliondoka kwa niaba ya kaya na aliporudi hakuwa mgeni. Wanaoondoka leo nao wanaondoka hivyohivyo, kwa maneno ya "nakwenda miaka miwili mitatu nijipange". Kisha miaka inavutana. Sisi huku tunabadilisha hesabu taratibu bila kumwambia: tulianza kumhesabu kama mtu wa kaya aliyetoka, tukaishia kumhesabu kama mfadhili.

Kabla sijaendelea, lazima niseme habari ya mabinti zetu wanaofanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba. Hali yao si ya kuchanganywa na ya mhandisi aliyeko Kanada. Chini ya utaratibu wa kafala kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake, na si jambo geni pasipoti kushikiliwa na simu kunyang'anywa. Binti aliyetoka Kondoa au Singida akakaa wiki tatu bila kusikika ana hofu, na mama yake ana hofu. Huyo anahitaji balozi anayepokea simu, mkataba anaouelewa kabla hajapanda ndege, na njia ya kutoka akionewa. Tukimwimbia wimbo wa hamu ya nyumbani tutakuwa tunamdhulumu. Zamu yake ya kwanza ni kupatikana akiwa salama.

Tabia hii ya kumhesabu aliye mbali kama mfadhili tu, familia hazikuianza peke yao. Serikali nayo inafanya hivyohivyo, na inafanyia hapahapa Dodoma. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa kwetu, na mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili akifika miaka 18 anatakiwa kuchagua. Wenzetu wa Kenya waliruhusu uraia pacha katika Katiba yao ya 2010, na Uganda, Rwanda na Burundi nao wanaukubali. Bunge Maalum la Katiba lililokaa hapa mwaka 2014 lilijadili suala hili kwa ukali, na Katiba Inayopendekezwa ikaishia kwenye hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania. Kura ya maoni iliyotarajiwa mwaka 2015 haikufanyika. Miaka ya karibuni serikali imelirudia wazo hilo la Hadhi Maalum, likilenga kumrahisishia mwenye asili yetu kuingia, kukaa na kumiliki ardhi kwa masharti.

Mimi naunga mkono uraia pacha, na najua hofu za wasioutaka. Usalama wa taifa ni jambo zito. Hofu ya ardhi kununuliwa na wenye fedha za nje ni ya kweli, hasa kwetu ambako kila aliye na shilingi anatafuta kiwanja. Lakini sheria inaweza kuweka mipaka kwenye vyeo vya juu, kwenye jeshi, kwenye ukubwa wa ardhi. Ninachokiona kigumu kukitetea ni hotuba zinazowasifu wanadiaspora kwa fedha wanazotuma, wanahimizwa wawekeze, wanaitwa mabalozi wetu, kisha hata yule aliyebaki na pasipoti ya Tanzania peke yake, aliyekataa ya watu miaka 20 kwa uchungu wa nchi, hawezi kupiga kura akiwa huko aliko. Mtu huyo ametimiza kila tulichomwomba. Siku ya uchaguzi anakaa kwenye simu akisubiri matokeo ya jimbo lake, na mchango wake katika matokeo hayo haupo. Hadhi ya kuingia bila viza ni nzuri, itapunguza usumbufu uwanja wa ndege. Haitamfanya ahesabiwe.

Wapo watakaoniambia kwamba nawabeba mno walioko nje. Ni kweli wapo waliojikata wenyewe. Wamebadilisha namba, hawapokei, mama anaumwa wanajua kwa watu. Wapo wanaokuja likizo wakatuamuru kama wafanyakazi wao, wakadharau choo cha nyumbani kwao walichokulia. Hao nao wana ugonjwa wao. Lakini kwa kila mmoja wa aina hiyo, nawajua kadhaa waliotoa imani yao yote wakaumizwa. Hapa Dodoma hadithi ya kiwanja imekuwa ya kawaida: anatuma fedha za kununua, anatumiwa picha ya msingi, anatuma za tofali, anatumiwa picha ya ukuta, anakuja Desemba na kukuta ukuta ule ni wa nyumba ya mtu mwingine. Aliyemfanyia hivyo ni kaka yake wa tumbo moja. Baada ya hapo mtu huyu ataendelea kuota usiku yuko kwao, na akiamka anakuwa na hasira na ndoto yake. Hakuna mlenda unaotibu hilo, na hakuna kikao kitakacholiponya kama fedha haijarudi au haijaombewa radhi mbele ya wazee.

Kuna familia moja ya Kondoa ambayo nimeitazama kwa karibu. Binti yao wa pili yuko Guangzhou, anafanya biashara ya mizigo. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ugomvi wa hesabu za msiba, wazee waliamua yeye awe mweka hazina wa ukoo, kwa sababu hana upande na anaandika vizuri. Nilikaribishwa kwenye kikao chao kimoja. Simu iliegemezwa kwenye jagi la maji katikati ya mkeka, sauti imefunguliwa. Mzee akasoma dua, halafu kabla ya agenda ya kwanza akauliza, "Mweka hazina yupo hewani?" Sauti ikajibu, "Nipo baba mkubwa, shikamooni." Kwao ilikuwa saa mbili usiku, China ilikuwa imeshafika saa saba usiku. Akasoma michango jina kwa jina. Alipofika kwa kaka yake mkubwa akasema bado anadaiwa, na kaka mtu akainama huku watu wakicheka. Mtandao ulikatika mara tatu na mara zote tatu kikao kilisimama kumsubiri. Kijana mmoja alipotaka waendelee, mzee alimwambia hakuna hesabu inayopita bila mwenye daftari.

Binti huyo anaikumbuka Kondoa, nimemsikia akisema. Anakumbuka joto la mchana na mwadhini wa alfajiri. Ila sijamsikia hata mara moja akisema anahisi amesahauliwa.

Si kila ukoo una hesabu za kumpa mtu, lakini kila ukoo una kitu. Aliyesoma anaweza kuwa ndiye anayepitia matokeo ya wadogo kila muhula na kuongea na mwalimu. Mjomba anaweza kupigiwa kabla washenga hawajakaa, na akatamka mwenyewe nani apokee kwa niaba yake. Mgogoro wa mpaka wa shamba unaweza kumsubiri shahidi aliyeko Leeds, akaeleza kwa simu babu alisema mpaka unapita wapi. Mazishi yakirushwa kwa video, mtu mmoja apangiwe kazi ya kuongea naye, asiachwe atazame migongo ya watu. Mambo haya yanagharimu bando na subira. Uzito wake uko kwetu, kwa sababu ukimpa mtu zamu unampa pia nguvu ya kukupinga, na wapo wazee na ndugu ambao fedha ya mtu wanaitaka na pingamizi lake hawalitaki. Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe, na nadhani ndiyo sababu tumechagua njia rahisi ya kumtumia namba ya simu ya kupokelea pesa na jina litakalotokea.

Desemba wengi watakuja. Watashuka na masanduku, tutawapokea kwa vigelegele, tutawachinjia, tutawapa kiti chenye mto na soda baridi, na kila wakiinuka kuchota maji tutasema "kaa bwana, wewe mgeni". Ndiyo miezi yetu ya kupanda. Shamba linasubiri, mvua za kwanza haziwezi kuachwa zipite, na mkono mmoja zaidi kwenye mtama au uwele ni msaada wa kweli. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu wala si mgeni. Aamshwe alfajiri pamoja na wengine, apewe mstari wake, na akipanda vibaya agombezwe kama anavyogombezwa mdogo wake. Jioni, wazee wakikaa kuamua ng'ombe yupi auzwe kwa ajili ya ada ya Januari, aitwe aseme anavyoona, na ikiwa maneno yake yana maana yafuatwe, hata kama safari hii yeye hatatoa hata shilingi.